Agent aliniandika mwogeleaji, kafili akanikabidhi kamba: ukweli wa kilichotokea Jeddah

Wakuu, shikamooni wanaostahili, na wengine wote mambo vipi.

Mimi ni Mkenya, kwa hivyo Kiswahili changu kikikwaruza mtanivumilia. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna stori inazunguka Riyadh kwamba dereva mmoja wa Kikenya alizama baharini akaokolewa na bosi wake.

Huyo dereva ni mimi. Na hiyo stori mimi mwenyewe niliithibitisha mbele ya mashahidi, nikiwa nimebeba birika la kahawa.

Hapa hakuna anayenijua, kwa hivyo nitasema yote, hata pale ninapoaibika. Majina nimebadilisha.

Nianze na CV.

Mimi ni mtu wa Kinangop. Kwa wasiopajua, ni huko juu kwenye viazi na kabeji, baridi ya kugonganisha meno mwaka mzima. Maji mengi niliyoyazoea utotoni ni kisima cha nyanya yangu, na kazi yangu ilikuwa kuvuta ndoo kwa kamba kabla ya shule. Kuogelea sijawahi, na sikuwahi kumwona mtu wa kwetu akijaribu.

Wakati ule wa watu kumiminika Saudi, agent niliyempata ofisi yake ilikuwa Mombasa. Akajaza form yangu kama mtu anayetia sahihi risiti. Makao: Mombasa. Kupika: Yes. Kutunza farasi: Yes. Kuogelea: Yes.

Nikamwambia, "Mkubwa, mimi sijui kuogelea."

Hata hakuinua kichwa. "Riyadh ni jangwa. Utaogelea wapi?"

Nikaona jamaa ana point. Nikaweka sahihi.

Kafili wangu, yaani bosi anayekudhamini huku Saudi, tumwite Abu Turki, hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo mapema kabla hamjaanza kumtukana kwenye comments. Nilipeleka watoto shule, nikampeleka madam sokoni, mshahara ukaja. Chumba changu kilikuwa kando ya geti na AC ilifanya kazi.

Shida ilikuwa moja tu. Nilimwacha mke wangu akiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto akazaliwa, tukamwita Shiru, akaanza kutambaa, akatembea, akaota meno yote, mimi niko Riyadh naosha Land Cruiser. Kwa Shiru, baba ni simu. Mke wangu aliniambia mtoto akiona simu mezani, hata ikiwa imezimwa, anaisalimia, "Baba, umekula?"

Hiyo ilinikata maini, wakuu. Mwanaume nililia chooni.

Mkataba ulisema baada ya miaka miwili napata likizo. Lakini huku hutoki nchini bila kafili kukutolea exit re-entry, kibali cha kutoka na kurudi. Miaka miwili ikaisha, nikaomba. Akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema baada ya shule kufunga. Kila nikiuliza, "Inshallah, Jorj, inshallah." Jina langu ni Njoroge, lakini hilo tuliache.

Sasa ndipo Abu Turki akaingiwa na ugonjwa wa freediving.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa kuvuta pumzi moja, kuzama chini kabisa kufuata kamba, halafu kurudi juu ukiwa bado hai. Hakuna mtungi wa hewa. Ni mchezo wa watu ambao hawajawahi kukosa hewa bila hiari yao.

Shemeji yake wa Jeddah alikuwa anafika mita ishirini, na kila wakikutana lazima aitaje. Abu Turki akaapa atampita. Akawa anajifunza kwenye swimming pool ya mtu huko Riyadh, mita tatu kwenda chini, katikati ya jangwa, kilomita karibu elfu moja kutoka baharini.

Siku moja akaja chumbani kwangu na file mkononi. Ndani yake ilikuwa CV yangu.

"Jorj! Enta Mombasa! Wewe mtu wa bahari!"

Wakuu, hapo ningesema ukweli stori ingeisha. Lakini akaendelea: anahitaji buddy, mtu wa safety wa kumshikia kamba. Nikimsaidia wiki moja ya likizo ya shule Jeddah, exit re-entry yangu anaitoa siku tukirudi. Akaapa wallahi.

Nikamwona Shiru akiongea na simu iliyozimwa.

"Aiwa, baba," nikasema. "Mimi bahari nimezaliwa nayo."

Akanituma sokoni Batha nikanunue kamba. Kule Batha unapata kila kitu, mpaka vitu ambavyo havijavunjika bado. Nikachukua ile ya nailoni wanayofungia mizigo juu ya basi, muuzaji akaniapia inabeba ngamia.

Sasa kwenye nyumba hiyo kulikuwa na dada Rehema, Mkenya pia, mtu wa Malindi, ndiye mpishi. Huyu ndiye mtu wa bahari wa kweli. Amekua akiogelea na kaka zake tangu ana miaka minne. CV yake, alivyoniambia, ilisema anajua kupiga pasi.

Tulizoea kuongea kwenye dirisha la jikoni akinipa sahani yangu ya chakula. Nilipomweleza mpango, akacheka mpaka akashika sinki.

"Wee kaka Njoroge! Mtu wa viazi wenda kumwokoa mtu baharini?"

"Dada, usicheke. Nisaidie."

Akaona machozi yako karibu, akaacha utani. Akaniambia mambo mawili, na nayaandika hapa kama alivyosema.

La kwanza: "Huko Jeddah maji hayapandi sana kama kwetu. Lakini pale mlangoni pa creek, bahari inapoingia nchi kavu, ni pembamba. Maji yakianza kupwa, yatoka yote kwa mlango mmoja, yakimbia. Ukiona kamba yalala upande, jueni ni wakati wa kutoka."

La pili: "Mtu akizama hapigi kelele. Hiyo ni ya sinema. Mtu akizama hunyamaza. Ukiona kimya, vuta."

Tukashuka Jeddah familia nzima, mimi usukani kwa muda wa saa kumi hivi. Tukafikia mtaa wa Al-Rawdah kwa dada yake Abu Turki, mke wa huyo shemeji wa mita ishirini. Alfajiri ya siku ya tatu bosi akaniamsha, twende kabla shemeji hajaamka, anataka rekodi aje kuitangaza kwenye chai.

Ilikuwa Januari, upepo wa kaskazini unavuma. Abu Turki alitia mguu majini akaruka. "Barid! Barid sana!" Alikuwa na wetsuit nene, soksi za mpira, na kofia imembana uso mpaka mashavu yamejaa mbele. Nikachovya mkono. Wakuu, yale maji kwa mtu wa Kinangop ni ya kuogeshea mtoto mchanga. Lakini nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema kweli, baba, baridi ni kali.

Mimi nilivaa life jacket ya machungwa, nimeifunga mpaka kidevuni. Akauliza mbona mtu wa Mombasa anavaa hiyo. Nikamwambia ndiyo sheria yetu Mombasa. Akaniheshimu zaidi.

Tukatia nanga kwa boti yake ndogo karibu na mlango wa creek. Kamba ya Batha ikashuka na chuma cha gym mwishoni, mita ishirini na moja. Yeye amejifunga kwenye kamba kwa waya mfupi kutoka mkononi, anateleza nayo. Mimi nimekaa ukingoni nimeishika, na saa ya simu inahesabu.

Amri ilikuwa moja. "Usivute mpaka mimi nivute mara tatu. Ukivuta kabla, umeharibu rekodi. Ukiharibu rekodi, mafi likizo, hakuna. Fahamu?"

"Fahamu, baba."

Mara ya kwanza akaenda, akarudi. Dakika moja na kitu. Mara ya pili vilevile. Na mikononi mwangu nikaanza kuisoma ile kamba, kwa sababu kamba kwangu si kitu kigeni. Pale kisimani hukuwa unaiona ndoo, giza tupu. Unajua kwa mkono tu kwamba imegusa maji, imelala, imejaa. Abu Turki akiwa chini, kamba ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo kila anapojivuta.

Mara ya tatu ndiyo ya rekodi. Akapumua kama mtu anayepuliza jiko, akapinduka, akapotea.

Nusu dakika. Dakika. Kamba inatetemeka, vizuri.

Halafu nikaona boti imegeuka. Kamba, ambayo ilikuwa imesimama wima, imeanza kulala upande. Maji ya creek yanatoka. Nikakumbuka dirisha la jikoni.

Dakika na nusu. Mtetemo ukaisha.

Kamba ikawa nzito, nzito ya kunyamaza, kama ndoo iliyojaa ikakaa.

Wakuu, niwaambie nilichofikiria, na sijivunii. Sikufikiria uhai wa mtu kwanza. Nilifikiria, nikivuta na yuko sawa, likizo imeenda. Nisipovuta na hayuko sawa, nani atanitolea kibali? Kafili maiti hatoi exit re-entry. Kibali changu kilikuwa chini huko, kwenye giza, na kilikuwa hakipumui.

Halafu ndipo nikafikiria watoto wake, wale ninaowapeleka shule. Yule wa kiume anaitwa Turki, hupenda kukaa mbele. Na hao baba yao si simu.

Nikavuta.

Nilivuta kama nyanya ananiita nimechelewa shule. Mkondo unavuta kule, mimi huku, na ile nailoni ya Batha ikanichuna viganja mpaka leo nina alama. Inabeba ngamia kweli, lakini hawakusema inamfanyia nini anayevuta.

Akatokea. Macho wazi, hayaangalii popote. Midomo rangi ya zambarau. Nikamkamata mkono kwa mkono wangu mmoja, mwingine nikamshika kofia, kichwa kikae juu ya maji. Kumpandisha siwezi, ni mtu wa kilo nyingi. Kuruka ndani siwezi, mnajua kwa nini.

Lakini alikuwa amenionyesha video zake za freediving mara mia. Mtoe mask, mpulizie usoni, mpige mashavu, mwambie apumue.

Nikaiachia kofia, nikamtoa mask, nikampulizia. Hakuna kitu. Basi nikamzaba kafili wangu kofi.

Wakuu, wangapi humu wamempiga kafili kofi kwa nia njema? La kwanza lilikuwa la hofu. La pili, Mungu anisamehe, lilikuwa na kaharufu ka "inshallah, Jorj, inshallah."

"Pumua, baba! Pumua! Haki usinifanyie hivyo!"

La tatu akapumua. Mlio kama mlango mbovu. Akakohoa, akatapika, akaniangalia.

Alipopata nguvu ya kushika ngazi, kitu cha kwanza alichosema: "Mask! Jorj, ruka, chukua mask!" Mask yake ya bei ilikuwa inakwenda zake na mkondo.

Hapo uongo wote ukaniishia.

"Baba, mimi siogelei."

"Enta Mombasa!"

"Mombasa ni ofisi ya agent."

Akakaa kwenye sakafu ya boti, maji yanamtoka, anatetemeka kwa ile baridi ya kuogeshea watoto. Nikajua sasa nimeisha. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho katikati yake kuna kilio.

"Na mimi course sikumaliza," akasema. "Nilifanya ya pool tu."

Tukakaa hivyo, waongo wawili na kamba ya mizigo. Baada ya muda akanishika bega. "Halas. Hakuna kilichotokea. Sawa?"

"Sawa, baba."

Lakini kilichotokea lazima kitokee kwa namna fulani. Shemeji mtu aliuliza mbona mask haipo, mbona shavu limevimba. Mpaka tunarudi Riyadh stori ilikuwa imekamilika: mkondo mkali, dereva ameanguka, bosi amezama akamtoa. Shavu ni mimi nilimpiga nikitapatapa.

Wiki iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, majlis, ile sebule ya wageni wanaume, ikajaa. Akasimulia. Mikono juu, mikono chini. Mimi nazungusha kahawa, viganja vimefungwa bandeji. Dada Rehema yuko nyuma ya mlango na sahani ya tende, namwona mabega yanacheza.

Mzee mmoja akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, ulipokuwa pale majini, ulimshikaje?"

Abu Turki akaangalia kikombe chake.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na alama mikononi. Lakini kibali kilikuwa bado hakijatoka.

"Nilimshika mkono, mzee," nikasema. "Sikumwachia mpaka akapumua."

Wakanong'ona mashallah. Yule mzee akarudia polepole, "Mpaka *akapumua*?" Lakini watu walikuwa wameshaanza kumpongeza bosi, na mzee akanywa kahawa yake. Ila alinitazama sana.

Jioni hiyohiyo Abu Turki akaja getini mwenyewe, akabonyeza simu yake mbele yangu, exit re-entry ikatoka. Miezi miwili. Hakusema asante. Alisema, "Jorj, kamba ile, usiitupe."

Nilipofika airport Nairobi, mke wangu alikuwa amembeba Shiru. Mtoto akaniangalia kama mtu wa kuuza bima. Nikasema, "Shiru, umekula?"

Akaishtukia sauti. Akaangalia simu mkononi mwa mama yake. Akaniangalia mimi. Akaangalia simu tena, akaigeuza nyuma kuona nimetokea wapi.

Nililia pale mbele ya watu wa taxi, na sikutafuta choo.

Funzo nililopata, wakuu, ni hili: soma form kabla hujatia sahihi, maana ile "Yes" unayoona haina maana, siku moja mtu ataiamini akiwa amebana pumzi. Na ukipewa amri ya kukaa na kamba mkononi huku mtu amenyamaza, vuta kwanza, utafukuzwa baadaye.

Niko Riyadh tena sasa. Stori bado inasimuliwa, na kila mwaka mkondo unazidi ukali.

Karibuni. Wa kunisema kwa nini sikutoa ukweli kwenye majlis nao waje, ila kwanza waandike hapa CV zao zilisema wanajua nini.