Picha ya Korali Niliyoifuta

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutengeneza tovuti lilikuwa kufuta picha ya marehemu kwa sababu ilikuwa na ukungu.

Kazi nilijifundisha mwenyewe, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa programu ya bure ya kuchapisha tovuti, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya korali ya kanisa letu. Waimbaji wengi walikuwa wameshapita intavyu na kupata safari ya kuhamishiwa ng'ambo, wako Kanada, wako Australia, na waliobaki walitaka wenzao waendelee kuwaona. Wakaniletea picha za simu: vichwa vimekatwa, nyuso zimemezwa na mwanga wa jua. Mimi mstari mmoja ukipinda hunikosesha raha siku nzima. Picha zile zilinitia aibu.

Kisha mwenye duka wa Area 25, kule Lilongwe, akataka tovuti, ila aone kwanza kazi niliyowahi kufanya. Kabla ya kwenda kwake niliisafisha ile ya korali. Nilifuta kila picha mbaya, nikamwaga na kapu la taka la programu, maana nafasi yetu ilikuwa ndogo. Badala yake nikaweka picha ya bure ya mtandaoni: wanakwaya nisiowajua, wenye kanzu nyeupe na meno yaliyopangana. Mwenye duka aliipenda, akanipa kazi. Nikarudi kambini najiona fundi.

Jumapili, baada ya ibada, kiongozi wa korali aliiona ile picha mpya kwenye simu yangu akacheka. "We, umetupeleka Amerika bila hata intavyu."

Nyuma yake alisimama mama mmoja mshonaji. Mwanawe aliimba besi, akafa kwa ugonjwa mwaka uliotangulia.

"Mwanangu, nifungulie ile picha yetu," aliniambia. "Mi simu yangu haifungui."

Nikampa simu. Aliisogeza karibu na macho, akakaa nayo.

"Hawa ni bantu ba wapi?"

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano ya nani?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu; hakuiachia.

"Na yangu iko wapi? Ile ya mtoto, kule nyuma, amegeuza kichwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kila Jumapili alikuwa akiomba simu ya mtu ili aitazame. Mwanawe hakuwa na picha nyingine. Nami, badala ya kukiri, nilimwambia mtandao unasumbua, utarudi.

Sikuwa nimehifadhi nakala. Hata sikujua kwamba hilo ni sehemu ya kazi. Aliyeipiga alikuwa amekwisha kuhama, na simu yake aliiuza kwa fundi wa simu wa Mtandire, mtaa wa Lilongwe. Nilimfuata huko. Fundi alinionea huruma, lakini kumbukumbu ya simu alikuwa ameisafisha ili aiuze tena. Alitaka ionekane mpya, alisema. Nilimwelewa vizuri mno.

Niliporudi nilienda kwa yule mama, nikamwambia ukweli wote, na ule uongo pia. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Uso ilikuwa haionekane, najua," alisema. "Lakini kule kucheka kulikuwa kwake. Bon, basi."

Hakunilaani. Alivuta kitambaa, akaendelea kushona, nami nikakaa pale kwenye benchi bila kujua kama nimeruhusiwa kuondoka.

Kwenye tovuti niliiondoa ile kwaya ya watu wengine. Pale palipokuwa na picha niliandika jina la mwanawe, na kwamba aliimba besi. Mama aliomba asomewe, akasomewa. Hajawahi kuniomba tena nimfungulie.

Sasa nina wateja hadi Area 18, na bado naogopa kazi mbaya. Lakini sifuti picha ya mtu kabla ya kuuliza ni nani, na ni nani humtazama. Kila picha naihifadhi mahali pawili, hata yenye ukungu.