Aliyeijua Iskandaria kwa Maegesho Yake

Habari za msiba zilinikuta kazini, mapokezi ya hoteli, mbele ya mgeni aliyetaka kujua atazame nini Doha kwa siku moja aliyokuwa nayo. Ujumbe uliingia kwenye simu: yule rafiki yetu, dereva Mkenya wa mtaa wa Muaither, amefariki. Alikuwa amejilaza mchana wa Ijumaa katika chumba chake nyuma ya nyumba ya mwajiri, na alipoitwa awapeleke watoto dukani hakuitika. Madaktari wakasema ni moyo. Nilimaliza kumwonyesha mgeni ramani, nikamwandikia soko la kale na jumba la makumbusho, nikamtakia matembezi mema, kisha nikaenda chooni nikalia. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua mimi si mtu wa kulia ovyo, na mnajua pia kwamba hapa sitaji majina ya watu. Nitamwita dereva tu, maana ndivyo alivyoitwa na wengi kwa miaka yote aliyokaa Qatar.

Tulijuana katikati ya miaka ya elfu mbili. Kila Ijumaa aliyopewa nafasi, maana huku hata makanisa huabudu Ijumaa, aliwapeleka wenzake kanisani Mesaimeer, na baada ya ibada alipita kwangu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mimi nami nikiwa nimetoka swala ya Ijumaa. Hatukuwahi kukaa mgahawani. Alisimamisha gari mbele ya duka la chai, akapiga honi, chai ya maziwa ikaletwa dirishani, tukainywa humo humo kiyoyozi kikiunguruma. Nilimtania kwamba siku akifika peponi ataomba aletewe chai getini. Yeye Mkamba wa Machakos, mimi mtu wa Tanga, na Kiswahili chetu kiligombana kila wiki: aliona mimi nasema kama redio ya taifa, mimi nikaona yeye anakiendesha Kiswahili kwa gia ya pili kwenye mteremko.

Sasa, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa na nyumba ya mapumziko Iskandaria, ule mji wa kale wa Misri ulio kando ya bahari ya Mediterania. Kila kiangazi, joto la Doha lilipopita kiasi, familia nzima ilihamia huko, na dereva akapandishwa ndege pamoja nayo ili akawaendeshe. Sisi tuliokuwa tukitoka kitandani kwenda kazini na kurudi kitandani tulimwonea wivu wa wazi. Aliporudi tulimzunguka atusimulie vivutio vya huko, naye alisimulia kwa moyo wote. "Hapo ngome ya bahari, parking ni taabu," aliniambia mara ya kwanza. "Fika kabla ya saa nne ushike upande wa ukuta. Ukichelewa, jua linakumaliza mpaka watoke." Ile nguzo ndefu ya jiwe jekundu iliyosimamishwa na Warumi iko mtaa mwembamba, watoto wanacheza mpira, usiposogea vizuri kioo cha pembeni kinaenda. Makaburi ya chini ya ardhi yana mlinzi mcheshi na choo kisafi. Kwenye ukumbi wa kale wa michezo, karibu na stesheni, askari hawataki usimame, kwa hiyo unazunguka tu mpaka upigiwe simu. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtu huyu alikuwa amefika kila mahali panaposifiwa katika mji ule, miaka mfululizo, bila kuvuka lango hata moja. Hakulalamika. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa Iskandaria.

Kilichomchokoza ni binti yake mkubwa, wakati huo mtoto wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba hapo ilipo ile ngome, zamani palisimama mnara wa taa uliostaajabisha dunia, na kwamba mawe yake mengine yamo ndani ya kuta za ngome mpaka leo. Mtoto akampigia baba yake kumuuliza ndani kukoje. "Nimepeleka watu hapo hiyo miaka yote," dereva aliniambia, "na msichana wangu ananiuliza ndani kuna nini, namwambia kuna watu wengi." Aliona haya sana. Tangu siku hiyo akawa na haja moja tu: aingie mara moja kwa miguu yake, apande mpaka juu, aitazame bahari kutoka pale, amjibu mtoto. Likizo yake ilipokaribia, akapanga kupitia Iskandaria peke yake kwa siku chache kabla ya kwenda Machakos. Zama hizo mtumishi hakutoka nchini bila kibali cha kafili, basi akaenda kuomba. Kafili ni mtu mwema, nasema hivi bila kejeli, na alifurahi kupita kiasi. Akaita nyumba nzima akawatangazia kwamba dereva ameipenda Iskandaria hata anataka kuitolea likizo yake. Basi mwaka huu wataondoka mapema, wote pamoja, kwa ajili yake. Likizo ya Machakos ikasogezwa mbele. Aliponiletea habari hiyo nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikamtazama usoni nikaacha. Nilimuuliza kwa nini hakumweleza ukweli. "Ningesema nini, kaka?" akaniuliza. "Mtu amefurahi hivyo."

Na katika safari hiyo hiyo mlango ulifunguka. Walipofika kwenye ngome, kafili alimkatia tiketi naye pia, akamwambia akishaegesha gari awafuate ndani. Mama wa kafili, bibi mtu mzima ambaye watumishi wote walimwita mama kabira, yaani mama mkubwa, alikuwa anaumwa magoti akasema atabaki garini. Akamhimiza dereva aende. Dereva alifika langoni tiketi mkononi, akageuka nyuma, akaona wachuuzi wa kome na shanga wamelizingira gari, na bibi wa watu anahangaika na vitufe hajui kipi kinachopandisha kioo. Akarudi. Nani asingerudi? Akanunua mahindi ya kuchoma, wakakaa wawili na milango wazi kwa upepo wa bahari. Bibi akamwambia kwamba hata yeye hajawahi kuingia, kwa sababu kila mwaka huambiwa ngazi ni nyingi, na kisha wakaanza kubahatisha ndani kuna nini. Bibi alisema lazima kuna kisima. Dereva alisema kuna vyumba vya walinzi, maana hakuna jumba kubwa lisilo na walinzi. Familia ilipotoka, kafili alimuuliza kwa furaha, "Umeona?" Naye akajibu, "Nimeona, baba." Alinieleza kwamba angesema vinginevyo, ingeonekana mama kabira ndiye aliyemzuia.

Baada ya hapo mambo yalimpita kimo. Misri ikaingia katika machafuko, familia ikaanza kwenda mapumziko kwingine. Mama kabira akafariki. Baadaye serikali za Qatar na Misri zikanuniana, na ndege za moja kwa moja baina ya nchi hizo mbili zikakoma. Likizo alizopata zilimezwa na mazishi ya wazazi na karo za watoto, kama likizo zetu sote. Nilipoona njia ya Iskandaria imefungwa, niliamua angalau nimwingize katika jumba la makumbusho la hapa hapa Doha, lile la ufukweni ambalo alikuwa amelipelekea wageni wa kafili mara nyingi. Tulichagua Ijumaa aliyokuwa huru. Aliingia amevaa shati la kanisani. Akasimama mbele ya taa ya kioo ya zamani sana, akaisifu kwa adabu, akatazama simu yake. Akaniuliza mlango wa kutokea uko wapi. Akaitazama simu tena, ingawa siku hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumpigia. Mwishowe akasema anashuka kuangalia gari, anarudi. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, amekilaza kidogo, uso umetulia kama mtu aliyefika nyumbani. Nilikaa kiti cha pembeni. Sikuweza kumvuta arudi, wala sikujua ni nani wa kumkasirikia.

Nimefanya kazi Doha muda wa kutosha kuwaona watu wa namna hiyo kila niendapo. Yaya hukaa meza ya pili wengine wakila meza ya kwanza. Mlinzi anajua maonyesho yote yaliyopita ukumbini kwa makelele yake, na mimi mwenyewe huwaelekeza wageni mahali ambapo sijatia mguu. Tunasema "tembea uone", nasi tukirudi nyumbani tunapokewa kama watu walioona. Kusubiri ni kazi kama kazi nyingine, na kazi ukiifanya sana inakufanya nawe. Nani wa kulaumiwa? Kafili alimkatia tiketi. Bibi alimhimiza aende. Yeye mwenyewe alirudi kwa utu wake. Kila mmoja alitenda vyema, na mtu akabaki nje maisha yake yote.

Siku ya pili ya msiba, binti yule, sasa yuko chuoni, alinipigia kuniomba picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi, kama desturi yao ilivyo. Alitaka ya baba akiwa kwenye ngome, akiamini kwamba aliingia. Nilikwenda Muaither, nikapokewa na kafili barazani. Amezeeka, na alilia mbele yangu bila kujificha. Alikuwa ameshashughulikia yote ya kusafirisha mwili. "Alikuwa ndugu yangu," alisema. "Kila tulichokiona sisi, naye alikiona." Nilipomweleza haja ya binti alichangamka, akatoa simu, kwa sababu picha zote za miaka ile ameziweka humo. Akaanza kuzipitisha kwa kidole, haraka, kwa uhakika: watoto wamekaa juu ya mzinga wa vita, mkewe kwenye dirisha la ngome na bahari nyuma yake, wote chini ya ile nguzo ndefu, wote kwenye ngazi za makaburi. Kisha akaanza kwenda polepole. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kahawa ilipoa.

"Alikuwa nasi," alisema. Akakuza picha moja kwa vidole viwili: nyuma ya watoto, pembeni kabisa, lilionekana gari jeupe, kioo chake kimejaa jua. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Kwani siku ile hakuingia?"

Nilifikiri kumlinda, kama marehemu alivyomlinda. Nikashindwa. Nikamwambia, "Alibaki na mama yako."

"Na mama?" akauliza.

"Mama naye hakuwahi kuingia."

Aliweka simu juu ya zulia akajifunika uso kwa mikono. Picha iliyochapishwa kwenye kijitabu ni ile ya kitambulisho chake cha kazi.

Nina funzo moja tu, nalo limechelewa. Ukimchukua mtu safari, usimuulize kama ameona, kwa maana atakujibu ameona. Mshike mkono muingie naye, na ufanye hivyo mapema, kabla hajafika pahala pa kuona raha zaidi akiachwa nje.