Aibu Iko Mstari wa Ngapi

Mimi na dada yangu tulisoma darasa la nne pamoja, katika shule ya shamba la chai huku Kericho. Baba, mchumaji chai, alikuwa ametuambia waziwazi: atakayepita mtihani ataendelea darasa la tano, atakayeanguka ataenda kuchuma chai pamoja naye.

Alama nyingi zilikuwa kwenye ufahamu, na mwalimu alikuwa na mbinu yake. Soma maswali kwanza. Shika neno moja la swali, litafute kwenye habari, nakili sentensi yote lilimo. "Kuelewa kunapoteza wakati," alisema. Mimi nilidonoa maneno kama kuku. Dada alisoma habari yote, halafu akakaa anaifikiria.

Siku moja habari ilikuwa ya mchuuzi aliyetia maji kwenye asali. Kwa nini hakurudi sokoni?

"Aliona aibu," dada akajibu.

"Aibu iko mstari wa ngapi?"

"Haimo, mwalimu. Lakini alifunika uso alipokutana na wanunuzi."

"Kumbe hadithi umetunga wewe!"

Darasa likacheka. Nikaulizwa mimi, nikasoma sentensi yenye neno sokoni: watu wa sokoni walimngoja wiki nzima. Ndilo jibu, mwalimu akasema, akanipa fimbo, maana kwake aliyepata alimchapa aliyekosa.

Nilimgusa dada kiganjani tu kwa fimbo.

"Unambembeleza? Ni mke wako?" Mwalimu akaichukua fimbo, akanionyesha mgongoni mwangu jinsi ya kuchapa.

Kuanzia hapo nilichapa sawasawa. Baada ya wiki chache sikungoja kuamriwa. Nilijua hata mahali pa kupiga, pale vidole vinapoanzia, ambapo aliumia zaidi. Jumamosi, tulipomsaidia mama kuchuma, dada alikata majani kwa mkono wa kushoto. Mama alipouliza, alisema ameumwa na nyuki.

Katika mtihani maswali yaliulizwa kwa maneno yaleyale ya habari. Nilipita. Dada, aliyejibu kwa maneno yake, alianguka.

Jioni ya siku ya matokeo hakulia. Alikuwa anamenya viazi na mama. "Hebu niambie," akasema, "ile habari ya mtihani ilikuwa inasema nini?"

Nilitafuta kichwani, sikuona kitu. Nikamwambia sijui.

Akacheka, akamgeukia mama. "Huyu ndiye anayeenda darasa la tano."

Nikamzaba kofi. Mwalimu hakuwepo, wala hakuna aliyenituma. Dada akaokota kiazi kilichoanguka, akaendelea kumenya.