Nimehesabiwa kwenye mstari wa jumbe

Jamani, fundi cherehani wetu ameshinda kiti cha baraza, na mimi nimehesabiwa kwa mpinzani wake, jumbe wetu!

Msinitukane kwanza.

Leo hapa Unyambwa kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Mimi mnajua namtaka fundi, si ndiye anayesema wazi ng'ombe zetu wasipunguzwe kwa amri ya serikali?

Nilikuwa naelekea kwake. Kupita mstari wa jumbe, namkuta baba yake Mwajuma, huyo Mwajuma ninayetaka kumposa.

Nikainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanishika mkono. Hakuuachia.

Sasa mkono wa mzee kama huyo unauchomoaje? Nikatulia.

Karani wa bomani akaja anahesabu, akanigusa bega kwa fimbo, akapita. Nyie kule mstari wa fundi mnapiga kelele, "Msaliti huyo!"

Matokeo yakatajwa, fundi akabebwa juu juu. Mimi bado nimeshikwa.

Mzee akanigeukia kwa hasira.

"Wewe kijana, macho yangu haya hayaoni mbali. Nimekushika mkono unipeleke kwa fundi. Mbona umesimama tu?"

Akaniacha hapo.

Haya semeni nyie mliokuwa mnazomea. Posa bado naipeleka?