Maji Mdomoni mwa Bibi

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Amoni, na leo nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na nikiyasema haya kwa mdomo nitapiga kelele. Ni siku niliyomwona bibi yangu amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika magotini, mashavu yamemvimba, hasemi neno. Utayasoma ukikua. Kesho bado utakuwa mdogo, na kesho ndiyo tunatoka hapa Kakuma kwenda Lodwar kwa shangazi yangu Akai akufundishe kuogelea, babu yako apende asipende.

Babu yako mzaa baba amesema mtoto wa kike wa Kiturkana hana shughuli na maji zaidi ya kuyachota. Ameyasema mbele ya watu, ameketi kwenye kigoda chake, na watu wakaitikia. Hata Abdi wa duka, ambaye kwa kawaida tunaelewana, alicheka akinipimia sukari.

"Mama Amoni, ya kunywa mnapanga foleni. Sasa mnataka na ya kuogelea?"

"Ya kunywa napanga foleni," nikamwambia. "Ya laga yanakuja yenyewe mpaka mlangoni. Hayajawahi kuniuliza kama niko tayari."

Akafunga ule mfuko wa sukari. Anajua. Hapa Kakuma kila mtu anajua. Tunaitwa watu wa ukame, lakini mvua ikinyesha huko milimani, sisi hata tone hatujaliona, ile laga, mto usio na maji tunaouvuka kila siku juu ya mchanga mkavu, inajaa ghafla na kubeba watu. Laga ya Lodwar ilimchukua baba yangu hivyo. Alikuwa anavuka akisukuma baiskeli, jua linawaka. Mwanamume mwenye nguvu, angeweza kubeba ngamia mdogo, na hakujua hata kuelea. Nikiandika haya si huzuni, ni hasira. Nguvu zote zile, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna ya kulala juu ya maji.

Dada yake, huyo shangazi Akai, ndiye aliyejua. Yeye alilelewa kwa mjomba wao mvuvi, kule Kalokol kando ya ziwa, akajifunza kwa kufuata nyavu. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Lodwar yenye bwawa la kuogelea, na wageni wakiondoka, yeye anaingia. Siku moja mgeni kutoka Nairobi, mkufunzi wa waogeleaji, alimkuta humo akienda na kurudi. Akaketi kumtazama. Akamaliza chai yake, akaagiza nyingine, akaimaliza na hiyo, na Akai bado hajapumzika. Maisha yake yalianzia hapo. Alipelekwa Mombasa, akapelekwa Ziwa Victoria, mwishowe akapelekwa ng'ambo kwenye bahari baridi kiasi kwamba alipotoka hakuweza kutamka jina lake.

Wanaoshindana bwawani, wanaomaliza kabla hujakaa vizuri, si wenzake. Yeye ni wa masafa. Anaingia upande mmoja jua halijatoka, anatokea upande wa pili jua linaondoka, mkono baada ya mkono. Na wana sheria yao. Mashua inamfuata, inamrushia chupa ya uji kwa kamba, lakini akiigusa mashua, au mtu akimgusa, hata kwa kidole, imekwisha. Haihesabiwi. Tena lazima atoke mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mchanga mkavu.

Basi akasema anataka kuvuka ziwa letu. Lenye mamba, lenye upepo wa kung'oa mabati. Wavuvi walimcheka.

"Akai, mamba watakataa mifupa."

"Vizuri," akawajibu. "Basi nitapita."

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Alipelekwa kwa mashua mpaka ng'ambo ya mashariki, na sisi tukaenda na lori la samaki kumngoja huku kwetu. Bibi, mama mzazi wa Akai na baba yangu, alikuja pia, na hilo lilitushangaza wote, kwa sababu tangu laga imchukue baba yangu, Bibi hakusogelea maji yoyote nje ya mtungi.

Tulitazama maji kutwa nzima. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Ziwa lilikuwa la kijani mpaka mwisho wa macho, mawimbi yanageuka meupe, na mahali fulani humo ndani kulikuwa na mtu wetu, mdogo kuliko punje ya mtama. Jua liliposhuka, mvuvi mmoja akanyoosha kidole. "Yule." Hatukuona kitu. Kisha nikaona mkono. Mkono mmoja, mweusi, umeinuka juu ya wimbi. Ukapotea. Ukarudi. Nilihisi nywele zinanisimama. Mkono ule ulikuwa ukifanya hivyo tangu alfajiri, sisi tukila, tukisinzia, tukigombania kivuli, na haukuwa na haraka hata kidogo.

Sasa sikiliza habari ya Bibi. Katika ukoo wetu, mtu akitoka kwenye hatari, mama yake ndiye wa kwanza kumpokea. Anajaza maji mdomoni na kumpulizia kifuani, ndipo wengine wamsalimie. Bibi akapiga funda moja kutoka kwenye kibuyu, akainuka, akatembea moja kwa moja mpaka ndani ya ziwa.

Akai alifika penye maji ya kina kifupi. Akajaribu kusimama, akaanguka kifudifudi. Miguu ilikuwa imesahau ardhi. Bibi akanyoosha mkono amwinue. Msimamizi kwenye mashua akapiga ukelele kwa Kiingereza, na Bibi Kiingereza hajui. Nikaingia mbio na kumshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

"Bibi, usimguse. Ukimgusa, amepoteza safari yote."

Nyuma yangu wanawake walinishambulia. "Huyu msichana ana wazimu? Anashika bibi yake?" "Ni shule hiyo. Shule imeharibu yeye."

Bibi akanigeukia. Hakuweza kusema. Akimeza, baraka imekwisha. Akitema, amelipatia ziwa. Alinitazama tu. Maji yalishamchukulia mtoto mmoja, na wa pili alikuwa amelala mbele yake, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Nikadhani atanipiga, na ningekubali.

Akaurudisha mkono. Akaupeleka mgongoni, akaushika kwa ule mwingine, kama mtu anayemzuia mbuzi.

Akai akainuka kwa magoti. Akaanguka. Akatambaa. Bibi akaenda naye sambamba, hatua kwa hatua, mikono mgongoni, mashavu yamevimba, machozi yanashuka juu ya shanga zake. Hakuna aliyeimba. Nimeona mambo tangu siku ile, nimekuzaa wewe, lakini sijaona tena nguvu kama ile. Wote wawili, mmoja anatambaa na mmoja anajizuia, na sikujua nimtazame nani.

Mchanga ukawa mkavu. Akai akasimama. Msimamizi akainua mkono juu. Ndipo Bibi akampulizia maji yote, usoni, kifuani, kisha akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Jioni aliniita.

"Wewe ulinishika mbele ya watu."

"Ndiyo, Bibi."

"Usinishike tena." Akasugua mkono. "Yale maji yalikuwa mazito mdomoni kuliko yeye alipokuwa tumboni. Na wewe una vidole kama koleo."

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Yajue maji kabla hayajaja kukufuata. Usisubiri ruhusa ya watu wanaolia matangani na kukataza masomo. Ukichoka, endelea polepole, mkono baada ya mkono, wala usishike kila kinachopita karibu. Na yeyote atakayekucheka, mjibu kwa kifupi, uokoe pumzi.

Sikudanganyi, mimi naogopa. Naogopa kuliko babu yako. Kesho Akai atakuingiza majini, utanyoosha mikono na kuniita, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni, sijibu. Usidhani nimekuacha. Nitakuwa nimejaza maji mdomoni.

Akuj, Mungu wetu, akulaze juu ya maji kama alivyokulaza mgongoni mwangu. Akupe pumzi ndefu na miguu inayokumbuka njia ya nyumbani. Na ukifika pakavu, mama, njoo kwangu. Sitakuwa nimemeza.