Dawa ya Mjukuu

Fundi mkuu wa karakana yetu ya makochi huongea akiwa amebana misumari midogo midomoni, na hajapata kuangusha hata mmoja. Viganja vyake vipana hukilainisha kitambaa polepole mpaka mkunjo wa mwisho uishe. Kila asubuhi, kabla ya kazi, hupotelea nyuma ya rundo la magodoro. "Mzee, huko umeficha mke wa pili?" tunamtania. Hucheka kidogo, kicheko kinachoishia kwenye kikohozi.

Leo mkewe alikuja mbio na kikopo cha dawa ya kuvuta. "Baba watoto, umesahau dawa yako ya pumu. Si uliambiwa ni kila siku, hata ukijiona mzima?" Nyundo zote zilinyamaza. Fundi akatema misumari kiganjani. "Si yangu. Hiyo ni ya mjukuu."

Mkewe akamtazama sana. "Haya. Basi nioneshe namna ya kumpa huyo mjukuu."

Fundi akakipokea kikopo, akakitikisa, akatoa pumzi yote, akakiweka mdomoni, akabonyeza huku akivuta taratibu, kisha akaibana pumzi kifuani, macho ameyafumba. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Mwambie mjukuu asukutue mdomo, maji asimeze," mkewe akasema kwa upole.

Bomba liko nje, mbele ya wateja. Nikamsogezea kikombe changu cha maji. Alikipokea kwa mikono miwili, bila kuniangalia, akageukia ukutani.