Risasi Ngumu Mno

Wendell aliwasha gari saa mbili asubuhi, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu kule Idaho, na mpaka saa tatu shemeji yake, fundi bomba mstaafu, bado alikuwa gereji akikwaruza risasi kwa penseli. Alizisubu mwenyewe na hakuziamini hata moja. Penseli za kuchorea alizipanga mezani kuanzia laini hadi ngumu, apime nazo ugumu wa kila risasi. Kwa vidole vyake vinene alishika risasi, akaisukumia ncha, akainama kuona kama imechimba, akaguna, akachukua penseli nyingine. Kwa kila risasi alianza upya.

“Shemeji, hao kulungu watajifia kwa uzee!” Wendell alifoka. “Penseli haichimbi,” shemeji alijibu. “Ngumu mno hizi.” “Si ndiyo vizuri?” Wendell aliuliza. “Risasi ngumu haitanuki ikimgonga. Inampita mnyama kama sindano, anakimbia na maumivu.” Shemeji akawasha jiko, akazirudisha zote arobaini kwenye chungu cha kuyeyushia, akaongeza kipande cha bomba kuukuu la madini ya risasi iliyo laini. Wendell alipiga teke gurudumu. “Jamani! Mwaka jana si ulitumia hizo hizo, na nyama tukala?” “Tulikula,” alijibu, macho yakiwa chunguni. “Wewe ulikuwa umesharudi nyumbani. Yule kulungu nilimkuta siku ya tatu baada ya kumpiga, bado anapumua.” Akachukua kisu, akaanza kuchonga penseli. Wendell akaenda kuzima injini ya gari.